Nilivyotenganisha "possible" na "probable" kwa manahodha wa Lamu

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Lamu, na kwa hivyo mtaa mzima huniletea karatasi niwasomee: barua za benki, maelezo ya dawa, na zaidi ya yote taarifa za hali ya hewa. Msimu wa kusi, bahari ya nje ya Shela inapochafuka, taarifa hizo huingia kwenye simu yangu kutoka kwa manahodha wa njia ya Kizingitini na Kiwayu. Swali lao huwa ni lile lile: "Mwalimu, yeo tutoke au tusitoke?"

Tafsiri zilizokuwa zikizunguka mtaani zilikuwa na neno moja kwa kila jambo. "Possible" ilikuwa inawezekana. "Probable" inawezekana. "Likely", ambalo ni ndugu wa "probable" na ndilo hutokea mara nyingi kwenye taarifa, nalo pia inawezekana. Nahodha mmoja mzee aliniambia, "Mwanangu, inawezekana hii kila siku iko. Mvua inawezekana, upepo unawezekana. Sasa mimi niifanye nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Neno lisilomsaidia mtu kuamua kama atang'oa nanga halina kazi kwenye taarifa ya bahari.

Nikaanza na Kiingereza chenyewe. "Possible" lina asili ya Kilatini, kwenye kitenzi cha kuweza, na dai lake ni dogo sana: hakuna kinachozuia jambo hilo kutokea. Halisemi kama uwezekano ni mkubwa au ni chembe. "Probable" nalo limetoka kwenye kitenzi cha kupima na kuthibitisha. Anayelitumia anadai kuwa ana dalili mkononi, na dalili hizo zinaonyesha kutokea kuliko kutotokea. Kila kilicho "probable" ni "possible", lakini vilivyo "possible" ni vingi mno na vingi havitatokea kamwe.

Barazani niliwapa mifano ya hapa hapa. Mvua ya Januari, kaskazi ikivuma, ni "possible". Watu huanika samaki bila wasiwasi. Mvua ya Mei ni "probable", kwa kuwa huo ndio mwezi wetu wenye mvua nyingi kuliko yote, na hakuna anayepanga harusi ya uwanjani bila turubai. Hapo walinielewa mara moja, kwa sababu tofauti hiyo walikuwa nayo siku zote.

Kwa Kiswahili nilichagua "huenda" kwa la kwanza na "yaelekea" kwa la pili. Mtu akisikia yaelekea, anahisi jambo limeshageuza uso upande fulani. "Yamkini" nililiacha, ingawa nalipenda, kwa sababu nilipowauliza watu, wengine walilisikia kama labda tu na wengine kama jambo la karibu na hakika.

Mpango huu ulipata kazi nzito Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea pwani ya Tanzania. Simu zilijaa ujumbe kwamba kimbunga kinakuja Lamu. Nilikaa chini nikayatenga mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa. Kimbunga chenyewe kufika kwetu: huenda, na huenda ya mbali sana, kwa sababu vimbunga huhitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili vijizungushe, na msukumo huo hufifia karibu na ikweta. Lamu iko kama digrii 2 tu kusini ya ikweta. Upepo mkali na mawimbi makubwa pwani ya Kenya: yaelekea, na onyo rasmi lilikuwa limetolewa. Nikarekodi sauti fupi kwa maneno hayo na kuwatumia. Hidaya kilitua kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimeshapungua nguvu.

Kijana mmoja wa mashua aliniuliza siku hizo, "Basi palipoandikwa huenda tupuuze?" Hapana, na hili nalisisitiza kila ninapopata nafasi. Ukubwa wa uwezekano ni jambo moja, na ukubwa wa hasara ni jingine. Ukiwa na abiria na watoto ndani ya chombo, hata huenda ndogo ya wimbi la kupindua mashua inatosha kukufanya usubiri. Maneno hupima uwezekano peke yake. Hasara anaipima nahodha.

Nilipozidi kusoma, niligundua kuwa hata wenye lugha yao hugombana hapa. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba kushambuliwa kwa Yugoslavia kulikuwa "serious possibility". Sherman Kent, mmoja wa wakuu wao, baadaye aliwauliza wenzake waliokubaliana na sentensi hiyo walikuwa na maana gani. Majibu yalitawanyika kuanzia asilimia 20 hadi 80. Mwaka 1964 alichapisha pendekezo la kuyafunga maneno haya kwa namba, "probable" akiipa asilimia 75, kupanda au kushuka kidogo. Wanasayansi wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, nao wamefanya hivyo: "likely" kwao huanzia asilimia 66.

Kwa hivyo sasa, taarifa ikiwa na namba, naisoma namba. Na namba zilinifunza jambo ambalo maneno yalikuwa yakilificha. Utabiri wa msimu wa ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda yetu ya Afrika Mashariki, hugawa mvua mafungu matatu: zaidi ya kawaida, ya kawaida, na pungufu. Pasipo dalili yoyote, kila fungu hupewa theluthi. Tuseme yametoka 40, 35 na 25. Fungu la mvua nyingi ndilo linaloongoza, na wengi hapo wangesema yaelekea mvua itakuwa nyingi. Lakini 40 haijafika nusu! Yaelekea zaidi kwamba haitakuwa nyingi.

Shemeji yangu analima Mpeketoni, na kwake niliyaweka hivi: katika misimu 20 iliyotabiriwa namna hii, 8 huwa na mvua nyingi, 7 ya kawaida, 5 haba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo mitano, nipande nini?" Tukazungumza mtama na kunde mpaka salio la simu likaisha.