Kofia ya Babu isikatwe

Bibi anayo picha moja tu akiwa na marehemu Babu: nyeusi na nyeupe, sentimita 9 kwa 13, waliyopiga studio mjini Tanga mwaka 1968. Mwaka jana akataka ikuzwe, itundikwe sebuleni. "Ila mume wangu," akaniambia kwa utani wake wa siku zote, "mwenzio usimkate kofia."

Nikaona kazi ya nusu saa. Nikaipiga kwa simu, nikairusha WhatsApp steshenari, wakaisafisha saizi ya A4. Ikatoka na ukungu, na shavuni kwa Bibi taa inang'aa. Hela ikaenda na maji.

Mara ya pili nilianza kwa kuibandua. Zile albamu za kurasa zenye gundi ni balaa, ukivuta kwa kucha picha inachanika. Nilipitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, nikaukokota taratibu kama msumeno mpaka ikaachia. Nikafuta kioo cha skana, maana chembe ya vumbi ikikuzwa inakuwa inzi. Nikaskani kwa rangi ingawa picha yenyewe haina rangi: hivyo madoa ya kahawia yanajitenga na vivuli, na kuyafuta ni rahisi.

Hesabu ndiyo nilikosea. Nukta 600 kwa inchi zilinipa pikseli 2,126 kwa 3,071, na A4 ya kuchapwa kwa nukta 300 inataka 2,480 kwa 3,508. Nikarudia kwa 1,200. Faili likawa zito, lakini la kutosha na kubaki. Nikalihifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, nikafanyia kazi nakala. Mkwaruzo wa kwenye paji la uso niliuziba kwa GIMP, programu ya bure. Mikunjo ya pazia la studio sikuigusa.

Kumbe kizungumkuti kilikuwa fremu. Nilishanunua ya sentimita 20 kwa 25, na picha hii ikiwa na upana wa 20, urefu wake unafika karibu 29. Kijana wa steshenari akanipa njia mbili: aibane iingie, watu wanenepe, au akate juu. Juu ndiko kwenye kofia! Nikaenda kwa fundi wa fremu, akanitengenezea kubwa zaidi, ndani akaweka kadibodi nyeupe aliyoitoboa dirisha la vipimo vya picha. Kadibodi hiyo pia inaizuia picha isigusane na kioo; kwa unyevu wa huku pwani, zikigusana zinagandana.

Bibi aliitazama kitambo. Kofia ipo. Akasogea, akaweka kidole juu ya kioo, penye mkono wa Babu, mahali ambapo kwenye picha ndogo palionekana doa jeupe tu.

"Saa hii," akasema, "ilikuwa ya mpiga picha."