Kabla hujaongeza kifurushi, vuta waya kwanza

Mtu akiniambia neti inakwama namuuliza kwanza, rauta iko wapi na we unatumia ukiwa chumba gani? Maana wengi wanakimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi wakati neti imefika mlangoni safi kabisa halafu inapotelea ukutani. Pima ukiwa umekaa kando ya rauta, afu nenda chumba cha mwisho upime tena, utaona mwenyewe.

Na Mwanza yetu hii ya mawe, nenda Mabatini au Bugarika uone nyumba zilivyobanana na majabali, waifai ya mawimbi ya gigahezi 5 ina spidi sana lakini ukuta mnene unaimaliza, ile ya gigahezi 2.4 inapenya kidogo ila ndo hiyohiyo kila jirani anayo na chaneli zake, yaani njia za mawimbi, zisizoingiliana ni 3 tu, namba 1, 6 na 11. Halafu vifaa vilivyo kwenye chaneli moja vinapokezana, simu ya dogo ikishusha video laptop yako inasubiri zamu.

Waya wa mtandao, ule unaotoka kwenye rauta hadi kwenye kifaa, hauna hayo mambo. Ule wa kawaida tu ulioandikwa Cat5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, unatuma na kupokea kwa pamoja. Kwa hiyo kitu kisichohama, TV, kamera, kompyuta ya steshenari, kipige waya, na hasa steshenari jamani, pale Nyegezi watoto wamepanga foleni kuomba mkopo wa chuo siku ya mwisho we unawategemezea waifai ya chumba cha pili?? Inauma sana. Simu ndo uziachie waifai.

Wanaosema waya umepitwa na wakati siwaelewi kabisa. Hata bando la simu linaanza hewani mpaka mnarani, lakini likitoka nje ya nchi mara nyingi linapita kwenye nyaya za chini ya bahari, kama SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010.

Kero ya waya kwetu huku kanda ya ziwa ni radi. Ule wa shaba ukiupitisha nje toka nyumba moja hadi nyingine unaweza kuleta umeme wa radi mpaka kwenye mashine, hapo nje tumia faiba, ile ni kioo haipitishi umeme. Na wingu likianza kujikusanya upande wa ziwa usichomoe rauta kwenye soketi peke yake, chomoa na waya wa mtandao kwenye kompyuta.