Kijani cha baiskeli ya baba

Miezi michache baada ya kumzika baba, mwaka 2016, niliitoa baiskeli yake stoo nikaisimamisha uani kwetu Busia. Ni Raleigh ya gia tatu, kutoka Nottingham, Uingereza. Habu yake ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya Sturmey-Archer, imegongwa namba 68, maana yake 1968, mwaka ilipotengenezwa. Baba aliinunua mkononi mwa mwalimu aliyekuwa akihama, akavusha nayo watu na mizigo miaka mingi kati ya forodha ya Uganda na ya Kenya. Kazi hiyo ya kuvusha watu mpakani ndiyo iliyozaa jina la boda boda, kabla pikipiki hazijalichukua.

Kutu ilikuwa imekula sehemu tatu: chini ya karia, pale pedali zinapoingia, na kwenye bomba la chini, eneo la urefu wa kiganja. Kwingineko rangi ilikuwepo, ila imechakaa. Mimi niliiona nyeusi inayoelekea kahawia. Mama, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akakataa katakata.

"Mwanangu, ile ni kijani. Jani la mhogo kabisa."

Nikachonga vichwa vya ribiti mbili zilizoshika nembo ya kichwa cha korongo pale mbele, nikaibandua kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa na kijani kilichoiva, kinang'aa, kama mtu amekipaka juzi. Karibu miaka hamsini jua halikufika pale. Nilimwita mama aje aone. Alitazama muda mrefu, kisha akarudi kwenye mchele wake bila kusema neno.

Furaha ile ikanipotosha. Nilibeba fremu kwa fundi anayepaka magari, nikamwonyesha pale chini ya nembo, nikamwambia achanganye kama hiyo. Akachanganya barabara, akapaka bomba la chini. Nilipoitoa juani, palionekana kama kiraka cha kitambaa kipya kwenye kanzu kuukuu. Fundi alifanya nilichomwomba. Kijani cha chini ya nembo ni kipimo cha anayetaka kupaka fremu nzima upya. Mimi nilitaka rangi ya zamani ibaki, nizibe majeraha tu, kwa hiyo nilipaswa kulinganisha na rangi iliyo jirani na jeraha, tena ikiwa safi.

Na safi haikuwa. Niliiosha kwa sabuni, nikaisugua kwa dawa ya kung'arisha rangi ya magari na kitambaa laini. Kitambaa kikageuka kijani: kumbe ule ukahawia ulikuwa uchafu pamoja na ngozi ya juu ya rangi iliyoungua kwa jua. Chini yake kikatokea kijani kilichotulia, kizito kidogo kuliko kile cha chini ya nembo.

Nikaondoa kile kiraka kwa msasa wa maji, nikanunua mikebe midogo ya kijani, kahawia, njano na nyeusi. Kila mchanganyiko niliupaka kwenye kipande cha kopo la maziwa nililolikata. Jioni moja, chini ya balbu, niliamini nimeipata. Asubuhi kipande kilekile kilikuwa na ubuluu mbaya. Tangu hapo nililinganisha nje tu, kivulini, saa nne asubuhi, tena rangi ikiwa imekauka, maana ikiwa mbichi inaonekana nyepesi na ikikauka inakolea. Kipande cha kumi na moja nilikilaza juu ya bomba, macho yakapita bila kukwama. Vijiko vinne vya kijani, matone tisa ya kahawia, manne ya njano, mawili ya nyeusi. Niliandika nyuma ya kalenda.

Palibaki sehemu moja juu ya bomba la juu, ambapo suruali ya baba ilisugua rangi hadi chuma kikawa cheupe. Nilikuwa nimeshika brashi mama aliponizuia.

"Hapo usipaguse."

Nikapaka nta tu, kutu isishike. Kisha nikarudisha nembo kwa ribiti mbili mpya, na kile kijani kilichoiva kikafunikwa tena.