Siku Bibi wa Ujiji Alipotembezwa Mji Mkongwe

Mimi ni paka wa nyumba moja ya ghorofani Michenzani, Unguja, na kabla ya siku ninayoisimulia sikuwahi kufika mbali kuliko duka la jirani. Wageni waliingia usiku: shangazi yake Baba, mwanamke mzee kutoka Ujiji, pamoja na mjukuu wake wa miaka minane, baada ya kusafiri kwa treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam na kuvuka bahari kwa boti. Niliwajua kwanza kwa harufu. Mizigo yao ilinukia mawese na migebuka mikavu iliyofungwa kwa gazeti, samaki wa maji baridi ambaye harufu yake haifanani na ya changu wala jodari wa kwetu, na nilikilalia kifurushi kile mpaka nilipoondolewa.

Asubuhi, ilipoamuliwa kwamba wageni watembezwe mjini, mtoto alikataa katakata kuniacha. Alinitia katika kikapu cha ukili, akakifunika kwa kanga, akaacha upenyo wa kunitosha pua na macho mawili. Kwa hiyo niliyoyaona ni yale ya chini: ndala, magurudumu ya baiskeli, vizingiti vya milango, na miguu ya Bibi, ambayo ilinieleza mengi kuliko mdomo wake.

Tulikwenda kwa miguu hadi Darajani. Baba alimweleza shangazi yake kwamba zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na kwamba jina la mahali limebaki kutokana na daraja lililokuwapo, ingawa maji yenyewe yalifukiwa. Kisha tukaingia sokoni, katika jengo la mwaka 1904, na hapo moyo wangu ulidunda. Chini ya meza za samaki walikuwapo paka wenzangu wasio na nyumba, wametulia kwenye sakafu yenye maji, wakingoja matumbo yadondoke, na mmoja mwenye sikio lililochanika alinitazama muda mrefu. Ningekaa hapo kutwa. Bibi alinunua maembe boribo mawili, akayanusa penye kikonyo, akayaweka kikapuni ubavuni mwangu.

Kutoka hapo hadi Mkunazini ni mwendo mfupi. Lipo kanisa la Anglikana ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na kanisa likasimama papo hapo palipokuwa na soko. Wengine waliingia ndani. Bibi alibaki uani, mbele ya shimo ambamo zimesimamishwa sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, akakiweka kikapu chini na kuvua ndala zake. Sikuelewa kwa nini alitaka kukanyaga ardhi ile kwa nyayo tupu, lakini niliona vidole vya miguu yake vikijikunja na kushika mchanga. Mkono wake uliingia chini ya kanga, ukatua mgongoni mwangu, ukatulia hapo huku ukitetemeka, nami sikusogea hata kidogo mpaka adhana ya adhuhuri ilipoanza kusikika kutoka misikiti ya jirani.

"Shangazi, umechoka?" Baba aliuliza aliporudi.

"Sikuchoka, mwanangu. Kwetu Ujiji ile miembe ya njia ya misafara ya watumwa ingali imesimama, na mimi nimekua nikicheza chini yake. Mwisho wa njia ndio nauona leo."

Baba hakujibu. Alikichukua kikapu mwenyewe, akampa mkono.

Mengine tuliyapita haraka. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na wageni waliliangalia kwa mbali tu. Ngome Kongwe ilinifaa kwa kivuli chake. Katika vichochoro tulipumzika mara mbili juu ya baraza, na nasema kwa dhati kwamba hakuna kitu kilichojengwa mjini humu kinachomfaa mzee na paka kwa pamoja kuliko baraza ya mawe wakati wa jua kali.

Magharibi ilitukuta Forodhani. Vijana walijirusha baharini kutoka ukutani, moshi wa mishkaki ukatanda, na mtoto alinimegea kipande cha changu wa kuchoma chenye mfupa mmoja mwembamba, ambao aliutoa kwanza kwa vidole vyake. Bibi hakula chakula cha pale. Alimenya embe moja kwa meno, akalila polepole akiitazama bahari, kisha akalifunga kokwa katika pembe ya kanga yake.

Usiku ule nilimfuata hadi chumba cha wageni. Alilisugua kokwa kwa maji, akalianika dirishani juu ya gazeti lile lililofungiwa migebuka, akamwambia mjukuu wake asiliguse hadi wafike Ujiji. Nililala dirishani kando yake mpaka alfajiri.