Nyasi za kwetu, mti wa kwao

Kila Jumamosi alfajiri, jua kabla halijawa kali, hubeba sururu nikapanda kilima kimoja nje ya Tucson, Arizona, kung'oa nyasi. Nilipomwambia mama kwa simu, alinyamaza kidogo. Yeye yuko Lodwar. "Nyasi, mwanangu? Unang'oa, unatupa?" Kwetu Turkana nyasi hazitupwi.

Nazing'oa kwa sababu ya saguaro, wenyewe hutamka "sawaro". Ni kaktasi inayosimama kama nguzo, mikono imeelekea juu, na kimo chake huweza kupita mita 12. Porini humea katika jangwa la Sonora peke yake: kusini mwa Arizona, jimbo la Sonora kule Meksiko, na chache sana upande wa California. Lakini haina haraka. Miaka minane ya kwanza huenda isifike hata sentimita nne, ikijificha chini ya mti mwingine unaoikinga na jua na baridi. Mkono wa kwanza hungoja miaka 50 hadi 75, hata zaidi pakiwa pakavu. Ile ninayopumzika kivulini mwake ina mikono mitano. Huenda ilikwisha kuota kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa mwaka 1896.

Na ni nyumba ya wengi. Kigogota hutoboa shina, saguaro ikaziba jeraha kwa gamba gumu, na kigogota akihama, bundi mdogo kama shomoro huingia kulea vifaranga. Maua meupe hufunguka usiku kwa ajili ya popo, na asubuhi nyuki na njiwa hufuata. Juni, watu wa Tohono O'odham huangua matunda mekundu kwa upondo wa mbavu za saguaro iliyokufa. Mavuno hayo ndiyo mwaka wao mpya, maana mvua iko njiani. Hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu wa Turkana.

Sasa hizo nyasi. Kitaalamu ni Cenchrus ciliaris, na mbegu zilizosambazwa sana Marekani kwa malisho ya ng'ombe zilitoka kwetu, Turkana. Niliposikia hivyo nilikosa usingizi. Jangwa hili lilikuwa na nafasi tupu kati ya mmea na mmea, moto ukiwaka ulikosa njia. Nyasi zimejaza nafasi hizo. Saguaro haikuzoea moto. Nyingine huungua leo zikafa polepole kwa miaka kadhaa, na changa ndizo hutangulia.

Nilimtumia mama picha. Alizitambua papo hapo, akanitajia jina lake kwa lugha yetu. "Basi ng'oa," akasema, "lakini waambie kwetu zinalisha watu."

Jumamosi iliyopita niliondoa shungi moja chini ya mti wa palo verde, nikaona saguaro ndogo kama kidole gumba. Niliweka sururu chini. Zilizobaki nilizing'oa kwa vidole, unyasi mmoja mmoja.