Cheni za Kifaru cha Tunisia

Naunda modeli ya plastiki ya Tiger I, kifaru kizito cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, kwa kipimo cha 1:35. Bodi yake ilikuwa imeshakauka gundi, na yale magurudumu yake yanayopandana yamekaa sawa. Zilibaki cheni. Wengi huziacha mwisho na kufunga zozote zilizomo kwenye boksi, lakini mimi naamini cheni ndizo zinazosema kifaru kilikuwa wapi na lini.

Changu nilishakiamulia kuwa cha kikosi cha 501 cha vifaru vizito vya Wajerumani, ambacho vifaru vyake vya kwanza vilishushwa Tunisia Novemba 1942. Cheni za boksi zilikuwa na vijituta vya umbo la V juu ya kila pingili, vya kuzuia kuteleza kwenye barafu. Nikashika kioo cha kukuzia, nikapitia picha za Tunisia moja baada ya nyingine. Hakuna hata kijituta kimoja. Na haiwezekani kiwepo: Wajerumani walianza kutumia pingili hizo Oktoba 1943, ilhali majeshi yao yalisalimu amri Tunisia Mei 13 mwaka huohuo.

Kukwangua vijituta kwenye plastiki laini ni kuharibu tu. Nikaagiza cheni za pingili mojamoja za aina ya mwanzo, 96 kila upande. Zilipofika nilizipima upana kwanza, kwa sababu Tiger alikuwa na cheni za aina mbili: za vita, milimita 725, na nyembamba za milimita 520 za kumpakia kwenye treni. Katika kipimo changu zile pana zinapaswa kukaribia milimita 21. Zilikuwa sawasawa.

Kisha nikaanza kuhangaika na upande wa kuzielekeza. Vifaru vya mwanzo kabisa vilikuwa na cheni ya kulia na ya kushoto zilizotazamana kama sura na kioo. Baadaye kiwanda kikatoa aina moja tu, ikafungwa pande zote mbili. Nilikuwa nimeinamia picha nikilitafuta hilo, ndipo akaingia mjomba wangu, aliyeendesha katapila miaka mingi. Hakuzijali picha. Aliinua ile cheni ya kushoto niliyokuwa nimeitandaza juu ya magurudumu, akaiachia, akaniuliza:

“Mjomba, hiki kimesimama au kinakwenda?”

“Kimesimama.”

“Basi mbona cheni ya juu umeivuta hivi?”

Akanieleza. Katapila lina gurudumu la meno nyuma, Tiger analo mbele. Likiwa mbele, kifaru kikivuta kwenda mbele cheni ya juu inakaza. Kikisimama, mvuto unaachia, na chuma chote kile kinalala juu ya magurudumu. Akaweka kidole kati ya gurudumu la meno na gurudumu la kwanza. “Hapa lazima ishuke.” Nikarudi kwenye picha. Kwenye vile vilivyoegeshwa ilishuka palepale alipoweka kidole, nami nilikuwa nimezitazama picha hizo muda wote nikihesabu matuta.

Nikazibandua, nikazilaza upya wakati gundi bado mbichi, nikiikandamiza kila pingili kwa ncha ya kijiti hadi iguse gurudumu lililo chini yake. Hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ghafla plastiki ikawa na uzito.

Tulibishana jambo moja tu. Mjomba alitaka nitoe pingili moja kila upande, kwa kuwa pini zikilika cheni inarefuka na fundi huipunguza. Nikamwambia vifaru hivi vilikuwa na miezi michache tu tangu vishuke melini. “Kwenye mchanga na mawe?” akauliza. “Miezi michache inatosha, Mjomba,” akaongeza. Hoja yake ilikuwa nzito, lakini sikuwa na picha ya kuithibitisha. Nikaziacha 96.