Shata iliyogoma kwenye spidi za chini

Kamera yangu ya mtumba, ya lenzi mbili, hupiga picha 12 tu kwa roli moja ya filamu ya saizi ya 120. Tano ziliungua kwa mwanga, na iliniuma sana. Kwenye spidi ya 1/100 ya sekunde, shata, yaani vibati vinavyofungua na kufunga njia ya mwanga ndani ya lenzi, ilikuwa sawa. Nikiweka sekunde 1, inafunguka na kubaki wazi.

Springi haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa gia ndogo zinazoichelewesha shata kufunga: mafuta ya zamani yameganda humo kama gundi. Nilifungua lenzi ya mbele, nikadondosha petroli ya kujazia kibiriti (laita) kwa ncha ya sindano, tone moja moja, dirisha wazi, nikifyatua kila mara. Kimya. Kisha, zzzr-tk! Vibati vikafunga vyenyewe. Mafuta mapya sikutia. Yangetambaa hadi kwenye vibati.